Tulipima Kutoka Kwenye Maji

Wenzangu wadogo wa biro, ofisi yetu ya vipimo,

Mliniomba niwaandikie kitu kabla sijasahau. Sijafika huko kwenye kusahau, lakini nimekubali, kwa sababu nina hasira, na mtu mwenye hasira hukumbuka vizuri. Sitaandika habari za vyeo wala mishahara. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa, na mishahara ikaiga tabia hiyo hiyo. Nitaandika habari za udongo, za maji, na za miji miwili inayotazamana: Uvira yetu na Bujumbura ya ng'ambo ya ziwa. Mkisoma mpaka mwisho mtajua kwa nini kuna shimo wazi pale ufukoni Nyamianda, na kwa nini mabati ya Mama Nabintu yameegemea ukuta wa nyumba yangu.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeusi vya kanisani. Nilidhani mpimaji wa viwanja ni mtu wa meza. Mzee Kashindi, aliyekuwa mkubwa wa wapimaji, alivitazama viatu vile kwa muda, kisha akaniwekea begani mnyororo wa kupimia, ule wa chuma, akaanza kupanda mlima ulio nyuma ya mji. Hakuniambia tuendako. Kashindi alikuwa ameanza kazi hii kabla ya uhuru, akiwabebea Wabelgiji jaloni, yaani vile vijiti virefu vya rangi nyekundu na nyeupe mnavyoviona vimelala nyuma ya kabati. Alitembea polepole lakini hakusimama hata mara moja, nami nilimfuata nikimlaani kimoyomoyo, yeye na mnyororo wake.

Tulipofika mahali ambapo mji wote uko chini ya miguu, akakaa juu ya jiwe.

"Uko naona nini?"

"Niko naona Uvira, mzee."

"Na kule?"

"Bujumbura."

"Ni vile basi. Kazi yako yote iko pale mbele. Sasa uniambie: sababu gani mama yako alijenga chini ya mulima, na shangazi yako wa Buja alijenga mu uwanja?"

"Minye sina shangazi Buja, mzee."

"Kila muntu wa Uvira iko na shangazi Buja. Utamupata tu."

Nitawaeleza alivyonieleza, taratibu, kwa kuwa najua wengine mmesomea mbali na hapa na hamjawahi kuupanda mlima huo. Uvira imebanwa. Nyuma kuna milima ya Mitumba, mbele kuna ziwa, na katikati kuna kipande chembamba cha ardhi ambacho kila mtu anakigombania. Mito yetu, Kalimabenge na Mulongwe, haina subira: inashuka kutoka juu ikisukuma mawe, ikifika chini inayatapika. Mawe hayo, kwa miaka isiyohesabika, yamefanya ndimi zinazoingia ziwani, na mji wetu umekaa juu ya ndimi hizo. Maana yake ni kwamba hakuna anayeishi Uvira mbali na mto, na hakuna mto wa Uvira uliokubali kukaa mahali pamoja.

Bujumbura ni kinyume chetu. Kule milima imerudi nyuma, uwanja ni mpana, mji umejinyoosha kama mtu aliyelala mkekani. Lakini udongo wake ni laini, na mito yake, hasa Ntahangwa, inakata kwenda chini, halafu kingo zinaporomoka pamoja na nyumba zilizo juu yake. Sisi mto unatuangukia kichwani, wao mto unawachimba miguuni. Na sote tunalo ziwa moja mlangoni.

Jioni ilipokaribia, kivuli cha mlima kilitufunika sisi na mji wetu wote, huku Bujumbura ikiwa bado inawaka jua. "Bo wanapata jua ya mangaribi," Kashindi akasema. "Siye tunapata ya asubui, inatokea kwao. Hapo hakuna mwizi. Lakini mayi ni ile ile."

Historia alinipa tukiwa tunashuka, viatu vikinifinya. Zamani Uvira ndiyo iliyokuwa na jina. Wafanyabiashara wa Ujiji walileta mitumbwi yao mpaka kwetu, kwa mwami, mfalme wa Bavira, wakati kule ng'ambo palikuwa na vijiji vya wavuvi na viboko wengi. Kisha Wajerumani wakajenga ngome upande ule. Baada ya vita vya kwanza vya Wazungu, Wabelgiji wakawa wakubwa wa pande zote mbili, nao wakachagua: maofisi, bandari kubwa na barabara pana zikaenda Usumbura, kama walivyoiita wakati ule. Uvira ikaachiwa gati la Kalundu na reli fupi ya kwenda Kamanyola, nayo wakaifunga baadaye. Ndiyo maana mpaka leo mtu wa Uvira akitaka daktari mkubwa, kitambaa cha arusi au fundi wa mashine, anapita Kavimvira, anapita Gatumba, anaingia Buja. Mpaka ukifungwa, tunakaa tukitazama taa zao usiku kama watoto nje ya duka.

"Walipima kila kitu," Kashindi alisema juu ya Wabelgiji. "Ila hawakuuliza ziwa."

Kuuliza ziwa ndiko alikonifundisha mwezi ule wa kwanza, na naomba msome sehemu hii mara mbili. Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga, mbali kule upande wa Kalemie. Zamani za babu zetu mlango huo uliziba kwa mchanga na majani, na ziwa likapanda mwaka hata mwaka. Halafu kizibo kikapasuka, maji yakashuka, na miji yote miwili ikajikuta na ardhi mpya mbele yake. Kila mtu aliyeiona alisema ni yake. Miaka ya mwanzo ya uhuru ziwa likapanda tena, na Kashindi aliliona kwa macho yake. Kwa hiyo yeye hakuuamini ufuko. Alisema ziwa lina chumba chake cha wageni, nacho hakipangishwi.

Chumba hicho kinaanzia wapi? Hapo ndipo ilipoingia kazi ya shimo. Kabla ya kupanda borne, yaani jiwe la mpaka, kwenye kiwanja, parsele yoyote iliyo chini ya barabara kubwa, upande wa ziwa, Kashindi alichimba. Alichimba mwenyewe, kwa jembe lake, hadi kiunoni. Kama chini ulitoka udongo mwekundu wa mlimani au mawe ya mto, aliinamisha kichwa akakubali. Kama ulitoka mchanga mweupe uliochanganyika na makombe ya konokono wa ziwa, alipanda juu akafunga mnyororo. "Hapa ni ya mihogo," alimwambia mwenye parsele. "Lima, kula, lakini usilale." Watu walinuna. Mmoja alimuita mchawi wa konokono. Kashindi alicheka mpaka akakohoa, akamwambia: "Minye mchawi? Basi ningeroga shefu wangu kwanza."

Na pale udongo ulipokubali, kulikuwa na desturi ya pili. Chini ya borne alitia makaa ya moto uliozimika na vipande vya chupa iliyovunjwa palepale mbele ya majirani. Jirani mwenye hila anaweza kung'oa jiwe usiku na kulisogeza, lakini hawezi kukumbuka kuokota kila kipande cha chupa, na makaa hayaozi. Tuliviita mashahidi. Nimesuluhisha kesi nyingi za mipaka, Nyamianda, Mutarule, hadi Nyakabere, kwa kuchimba tu na kuwaonyesha watu chupa waliyoinywa baba zao.

Miaka ikaenda. Teodolite yetu, mashine ya kupimia pembe, ikaingiwa ukungu ndani ya kioo, nikatumwa Bujumbura kutafuta fundi. Huko nilimpata mpimaji mwenzangu, Nduwimana, mrefu, mwenye sauti ya mhubiri. Wakati fundi akiifungua mashine, Nduwimana alinitembeza mjini mwake, nasi tukaanza kutaniana kama mashemeji.

"Sha, nyinyi bantu ya Uvira mumeegemea mulima kama mulevi ameegemea ukuta," akasema. "Ukuta ukitikisika kidogo, mumekwisha."

"Na nyinyi mumelala kwenye tope. Mulevi wetu angalau amesimama."

Alinipeleka kando ya ziwa, kwenye mtaa mpya wa nyumba kubwa, zenye vigae na mageti ya chuma. Moja ilikuwa bado msingi tu. Nilimuomba mlinzi koleo, na Nduwimana akadhani nimepata wazimu wa jua. Nikachimba. Ulitoka mchanga mweupe, kisha makombe. Nduwimana akayaweka kiganjani, akayageuzageuza, utani ukamtoka usoni.

"Kwenu pia?" akauliza.

"Kwetu pia."

"Sisi tunapima umbali wa sheria, kutoka majini."

"Sisi pia. Kutoka majini ya lini?"

Hapo ndipo nilipolielewa kosa letu. Nchi mbili, sheria mbili, bendera mbili, kosa moja. Sheria inasema usijenge karibu na maji, acha umbali fulani. Ni sheria nzuri. Lakini umbali unahitaji mahali pa kuanzia, na sisi wapimaji, watu tuliosomea kutafuta nukta isiyosogea, tulianzia kwenye kitu kinachosogea kila siku. Ziwa linashuka kiangazi chote, mwezi wa tisa na wa kumi liko chini kabisa. Mvua zikija linapanda, mwezi wa tano liko juu. Hayo ni ya mwaka mmoja tu, bado hujataja yale ya babu zetu. Ukipima mwezi wa tisa, unaanzia kwenye kidole cha mguu cha ziwa, halafu unashangaa likinyoosha mguu.

Kashindi alipokufa, alikuja shefu mpya wa biro. Sitamtaja jina, na wala si mgeni wa kazi. Tulifundishwa pamoja. Alibeba jembe lile lile, alishika makombe yale yale. Siku moja nilirudi bironi na matope hadi magotini, nikamkuta amesimama mlangoni.

"Bado uko nachimba?" akaniuliza kwa upole, kama mtu anayemuuliza mwenzake kama bado anakojoa kitandani.

"Kumetoka konokono, shefu. Pale hapajengwi."

"Bantu wanataka parsele. Mji umebanwa, weye mwenyewe unasemaga vile. Utawapeleka wapi?"

"Juu ya barabara, upande wa mlima."

"Juu ya barabara kuko na benyewe." Akashusha sauti. "Pima kutoka majini, kama sheria inasema. Shimo linatuharibia siku."

Toka siku hiyo shimo likakatazwa, na wapimaji wa ufukoni wakawa wanatumwa mwezi wa tisa, maji yakiwa chini. Nilipokataa, nilipelekwa kupima mashamba ya bondeni, mbali na ziwa. Sikuumia kwa hilo, mashamba yana hewa nzuri. Nililoumia nalo ni hili: shefu hakuwa mjinga. Mjinga ningemfundisha, ndiyo tabia yangu, hata mke wangu ananilalamikia kwamba namweleza hata chumvi ni nini. Huyu alijua. Alipima watu ndani ya chumba cha ziwa akijua mwenye chumba atarudi. Hasira yangu inakaa hapo, na haijapata kiti kingine.

Mwenye chumba akarudi. Nyinyi mliona wenyewe. Kwanza Mulongwe ulishuka na mawe ukabomoa mtaa baada ya mtaa. Kisha ziwa likapanda polepole, bila kelele, likaingia avenyu za chini, likafika madirishani. Watu walipita kwa mtumbwi mahali walipokuwa wanapita na baiskeli. Nduwimana alinipigia simu kutoka ng'ambo. Gatumba ilikuwa ndani ya maji, na mtaa ule wa vigae pia.

"Unakumbuka musingi ule?" akaniuliza. "Leo mayi iko mu sebule. Samaki wanaogelea chini ya lustre, ile taa kubwa ya dari."

Hakuna aliyecheka, yeye wala mimi.

Sasa nifike kwa Mama Nabintu. Ni muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, huko Nyamianda, mjane, mwenye wajukuu aliowalea mwenyewe. Parsele yake ya ufukoni aliipata kwa haki, na mihuri yote, ikapimwa na mwenzetu mmoja mwezi wa tisa, bila shimo, ingawa mashahidi walitiwa chini ya borne. Alijenga vyumba viwili na jiko. Maji yalipofika kizingitini alipanda juu ya nyumba yeye mwenyewe, akang'oa mabati moja moja, akayabeba kichwani hadi kwa binti yake. Mengine yote yalikwenda na ziwa. Mabati yale ndiyo nyumba iliyobaki.

Mwaka huu maji yamerudi nyuma. Ufuko umetokea, mweupe na mzuri, na biro ikatangaza kwamba waliokimbia wanaweza kurudi, watarudishiwa borne zao. Nilipoisikia habari hiyo niliweka kijiko chini. Mimi ninaelewa kwa nini wanasema hivyo. Kumrudisha mtu mchangani hakugharimu kitu. Kumtafutia ardhi juu ya barabara kunamaanisha kugonga mageti ya wakubwa waliozungushia kuta mahali ambapo hawatajenga maisha yao yote.

Neema, ambaye wote mnamjua, mpimaji mdogo kuliko wote bironi, alikuja kwangu siku iliyofuata na GPS yake mkobani.

"Papa, wamenituma Nyamianda. Wa kwanza ni Mama Nabintu. Ameisha kuleta mabati palepale, anangoja tu borne apigilie. Nifanye nini?"

"Shefu amesema ufanye nini?"

"Nipande borne."

"Na weye unataka kufanya nini?"

Alitazama chini. "Nikipanda, atajenga. Nikikataa, watatuma mwingine, na yeye atajenga tu."

"Basi twende tukamtafutie borne yake," nikasema, "lakini kwa njia ya Kashindi." Nikachukua jembe.

Mama Nabintu alikuwa amekaa juu ya mabati yake kama mtu anayelinda ng'ombe. Aliponiona akaanza mara moja.

"Papa Jeometre! Weye jembe ni ya nini? Minye nimesema munirudishie borne, sikusema mulime mihogo."

"Borne haionekani, mama. Lazima tuifuate chini."

"Mufuate mbio basi. Mabati iko naota kutu, na bale jirani washaanza kuangalia kona yangu na jicho ya wivu."

GPS ilituonyesha mahali, nasi tukaanza, Neema kwa koleo, mimi kwa jembe. Juu kabisa ulitoka mchanga mweupe, safi, na ndani yake makombe madogo bado yanang'aa. Hayo yalikuwa ya juzi, ziwa lilipoondoka liliyaacha. Chini yake ukaja udongo mweusi, na katika udongo huo Neema akaokota kipande cha makaa, kisha cha chupa ya kijani, kisha kingine.

Mama Nabintu akapiga kigelegele. "Ni hapa! Niliwaambia! Kona yangu! Hiyo chupa tulikunywa na bwana yangu, Mungu amurehemu, muulize hata konokono!"

Kazi ya biro ilikuwa imekwisha hapo. Mashahidi wamepatikana, panda jiwe, ondoka. Neema alinitazama. Nikamwambia, "Endelea, binti yangu."

Akaendelea. Udongo mweusi ukatoa kipande cha matofali, halafu kipande cha sahani ya bati yenye ua la buluu. Mama Nabintu alikichukua, akakifuta kwa kitenge chake. Ilikuwa sahani ya jiko lake, lililosimama kwenye kona hiyo. Kisha koleo likabadilisha sauti. Chini ya jiko la Mama Nabintu kulikuwa na mchanga tena, mweupe, na makombe tena, lakini haya yalikuwa makubwa, yamefifia, rangi ya mfupa.

Akashuka shimoni mwenyewe, mguu baada ya mguu, akikataa tumshike mkono. Akagusa ukuta wa shimo kwa kidole, kuanzia juu.

"Hii ya juu ni mayi ya juzi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Hii nyeusi ni miye."

"Ndiyo."

"Na hii ya chini?"

"Ni ziwa pia."

"Ya lini?"

"Ya kabla sisi wote hatujazaliwa."

Kidole chake kilikuwa bado pale. "Mulinipimia parsele katikati ya mayi mbili," akasema. Hakupaza sauti. Halafu akaniuliza swali nililojua litakuja: "Na biro ilijua?"

"Ilijua."

Neema akakunja kijiti cha GPS. Ile borne mpya ya saruji hakuishusha kutoka kwenye pikipiki yake.

Mama Nabintu alijaza makombe katika beseni lake la ndagala, yale mapya na yale ya zamani, akalitia kichwani, tukafuatana naye hadi bironi. Hakungoja kuitwa. Aliyamwaga yote juu ya meza ya shefu, mchanga ukaingia hata kwenye chai yake.

"Mama, ni nini hii?" shefu akauliza.

"Borne yangu. Umenirudishia, nami nakurudishia."

"Hayo ni makombe tu, mama. Ziwa limeshuka. Rudi ujenge, tutakupa karatasi mpya."

"Basi jenga weye. Minye nitakuletea ndagala kila asubui, utakula ukiangalia mayi."

"Ardhi nyingine hakuna."

"Kuko! Nimepita leo juu ya barabara. Kuko parsele ina ukuta murefu na geti, ndani yake mbuzi tu. Mbuzi wanaishi pakavu, minye na bajukuu zangu mu mayi. Unipimie pale."

Shefu alinitazama mimi, si yeye. Tulikuwa tumesimama pamoja mara nyingi kando ya mashimo ya Kashindi, akiwa kijana, akishangaa makombe kama mimi. Nilingoja aseme neno. Alichukua kombe moja, lile la rangi ya mfupa, akaliangalia, akalisukuma pembeni na kalamu. "Tutaichunguza hiyo habari," akasema.

Hiyo ndiyo sentensi ambayo ningependa mjifunze kuichukia mngali vijana.

Wiki hiyo hiyo Neema alihamishiwa chumba cha karatasi, kule nyuma, mahali penye panya na ramani za Wabelgiji. Shimo likafukiwa. Mama Nabintu hakujenga. Kwa binti yake hakuna tena nafasi ya mabati, kwa hiyo tuliyabeba hadi kwangu, na huko yapo, yameegemea ukuta. Kila mara mvua ikinyesha yanapiga kelele, na mke wangu anauliza yatatoka lini. Namwambia yatatoka siku yatakapopandishwa juu ya barabara, na siyo siku moja kabla. Mama Nabintu anakuja kila Jumapili baada ya misa kuyatazama. Anayahesabu, ananitazama, anasema, "Biro bado wamenyamaza?" Nami namwambia, "Bado." Kisha anakwenda kupanga foleni mlangoni kwa shefu asubuhi ya Jumatatu. Hajakosa hata moja.

Wenzangu, sikuandika haya ili mniheshimu. Kazi hii ni nzuri, nawahakikishia. Hakuna furaha kama kuwasikia majirani wawili waliotaka kupigana wakicheka juu ya chupa ya baba zao. Jifunzeni GPS vizuri, iko sahihi kuliko mnyororo ulioniumiza bega. Lakini GPS inakuambia uko wapi juu ya ardhi, haikuambii ardhi hiyo iko juu ya nini. Ukitumwa ufukoni, omba jembe. Usipime kutoka kwenye maji, pima kutoka mahali ambapo makombe yanakwisha. Wakikuuliza nani amekuruhusu, taja jina langu, mimi hawana tena pa kunihamishia. Nduwimana naye anawaambia vijana wake maneno haya haya kule ng'ambo, kwa sauti ile ya mhubiri. Na msiogope yaliyompata Neema. Nimekitembelea chumba cha karatasi. Ni kidogo. Mkikataa wote, hakitawatosha.

Kuhusu shimo: walilifukia, nikalichimbua. Wakalifukia tena, nikarudi. Liko kwenye kona ya Mama Nabintu, mtaliona tu mkishuka kutoka sokoni. Nimelichonga ukuta mmoja ukawa wima, ili tabaka zote zionekane vizuri: ziwa, jiko, ziwa. Watu wanaokuja kuangalia ufuko kwa nia ya kununua wanasimama hapo, wanauliza, nami nawaeleza polepole, kama mlivyonizoea. Wengi huondoka bila kuniaga.

Asubuhi ya leo nimekuta limefukiwa tena. Nimemaliza kuandika, jembe liko mlangoni. Ninakwenda.